Chungu na Karai

Mabenchi ya Tereza yalikuwa ya mninga, yamepigwa msasa mpaka ukiketi husikii hamu ya kuinuka. Shida ni kwamba hakuna aliyeketi.

Kibanda chake kilikuwa Igogo, kando ya barabara inayoshuka ziwani, mahali ambapo mtu akitoka viwanda vya samaki au stesheni ya reli lazima apite. Kupita walipita. Walimwamkia vizuri, wakauliza hali ya watoto, wakavuta pumzi ndefu mbele ya chungu chake cha mchemsho wa sato, kisha wakaendelea na safari zao na njaa zao. Tereza aliwaitikia wote, maana mauzo ndiyo yaliyopungua, adabu ilikuwa palepale. Halafu aligeuka kukoroga chungu ambacho hakikuwa na haja yoyote ya kukorogwa.

Ilikuwa ile miezi. Mfanyabiashara yeyote wa Mwanza anaijua: pamba ya mwaka jana imeshaliwa, ya mwaka huu bado iko shambani inanyonya mvua, na ada za watoto zimekomba kila kilichobaki mfukoni. Mwaka ule mambo yalizidi. Ramadhani ilitoka, Kwaresima ikaingia kabla mtu hajamaliza kushiba Idi. Shirika la umma ambalo wafanyakazi wake ndio waliokuwa wateja wakubwa wa Tereza lilikuwa limepunguza watu, na waliobahatika kubaki walikuja kazini na viazi vyao vya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo. Wale walioachishwa nao wakafungua magenge ya chakula, kwa hiyo mjini ilikuwa biashara huria kwelikweli: kila mtu anauza, na wa kununua haonekani.

Tereza hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alipaka kibanda chokaa. Akamtafuta kijana mwenye brashi akamchorea samaki ubaoni, mnene, anacheka, ingawa sato hajawahi kuonekana akicheka popote. Akaongeza ndimu, akaongeza ugali, akaongeza tabasamu. Watu wakamsifia mchoro, wakapita.

Ndipo kaka yake, Chenge, alipomwita nyumbani kwake Mkolani.

Kiwanja cha Igogo kilikuwa cha Chenge. Alikuwa muuza nyavu, mtu wa maneno machache na mahesabu mengi, na nyumba yake ilikuwa imejaa nyavu kuanzia sebuleni mpaka chini ya vitanda.

"Tereza, mimi sikufukuzi," alisema, ambavyo ndivyo wanavyoanza wote wanaofukuza. "Ila nyavu zangu zinaliwa na panya hapa, na wavuvi wako kule kwako. Pasaka ikifika na mabenchi bado matupu, pale nageuza stoo. Wewe utarudi Kisesa. Shamba lipo, mama yupo."

"Kaka, nipe mpaka mavuno."

"Pasaka," alisema Chenge.

Tereza hakudharau jembe. Alilijua vizuri, ndiyo maana hakutaka kulirudia. Kile kibanda ndicho kitu pekee duniani alichokianza mwenyewe, kwa mikono yake, bila kuambiwa na mume wala baba, na hakutaka kukiona kimejaa nyavu. Aliinamisha uso yasionekane machozi, na macho yake yakaangukia pembeni mwa sebule, ambapo chini ya rundo la nyavu palikuwa na ngoma ya baba yao.

Mzee Ngosha alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake, tena manju wa Bagika, na kuanzia Kisesa hadi Mwanza mjini hapakuwa na mtu asiyemjua. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na mashindano yao hayana mwamuzi. Siku ikifika, makundi mawili yanawekwa kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na mbwembwe zake na nyimbo zake za kumkejeli mwenzake. Watazamaji wanakaa wanapotaka. Upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda, na ukishindwa unaona kwa macho yako, maana migongo ya watu inaondoka mbele yako.

Lakini alichokumbuka Tereza pale sebuleni hakikuwa ushindi. Alikumbuka mwaka ambao manju wa Bagalu aliugua, na baba yake akaachiwa uwanja peke yake. Alicheza siku ile kuliko siku zote. Watu wakatazama kidogo, wakapiga makofi ya heshima, wakaenda zao kwenye pombe. Mzee alirudi nyumbani amenuna kama aliyepigwa, akakataa chakula. "Watu hawaji kuangalia ngoma," alimwambia mama yao. "Wanakuja kuona nani atamshinda nani." Kesho yake asubuhi alichukua mbuzi na dawa za mitishamba, akampelekea mpinzani wake kitandani, akamsihi apone upesi.

Tereza aliinua uso. Alikuwa anacheka.

Chenge akamwangalia kwa wasiwasi. "Una homa?"

"Sina, kaka. Njoo Pasaka," alisema Tereza, akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

* * *

Kesho yake alikwenda Kirumba, karibu na soko la samaki, kumtafuta mwanamke ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemchukia kimyakimya.

Mwanvua binti Salum alikuwa Mmanyema wa hapohapo mjini, mtoto wa mafundi na wafanyabiashara, na sato wake wa kukaanga alikuwa na sifa mbaya kwa wapishi wengine wote. Tereza aliketi, akaagiza, akala. Ngozi ilivunjika mdomoni kama kaukau, ndani nyama nyeupe, laini, imekolea kitunguu saumu. Ilimuuma kukiri, lakini alikiri moyoni: mwanamke huyu alikuwa hatari. Halafu akatazama pembeni. Viti vya Mwanvua navyo vilikuwa vitupu.

"Dada Mwanvua, nataka uhamie Igogo," alisema, akinawa mikono. "Ng'ambo ya barabara, mbele ya kibanda changu. Kuna kibaraza cha duka lililofungwa, mwenyewe nimeshaongea naye."

Mwanvua alishusha moto wa karai kwanza. Alitaka kusikia vizuri.

"Wewe si ndiye Tereza wa mchemsho?"

"Ndiye."

"Huna wateja."

"Sina."

"Sasa unataka nije nikuondolee na hao wawili uliobakiza?"

"Uje ujaribu," alisema Tereza. "Nami nitajaribu kukuondolea wako. Kwa sauti, mbele za watu, kila siku. Wewe utawaambia mchemsho wangu haufai, mimi nitawaambia karai lako halifai. Bei hatushushi, atakayeshusha amekimbia uwanja. Dini ya mwenzako hatugusi, wazazi hatugusi, watoto hatugusi. Tunatukanana jikoni tu."

Mwanvua alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwenzangu, kwetu mtu akikutukana hadharani unamjibu, halafu humsalimii tena mpaka kiama."

"Kwetu tunamtukana, halafu tunamwalika tena mwakani."

"Na nikikushinda?"

"Utakuwa umenishinda."

"Hutalia?"

"Nitalia nyumbani."

Mwanvua alikuwa mkubwa kwa Tereza kwa miaka kadhaa, na alikuwa amechoka kukaanga samaki mzuri kuliko wote kwa ajili ya nzi. Akachukua sahani ya mgeni wake, akaona mifupa imesafishwa mpaka inang'aa, akatabasamu.

"Umesema kibaraza kinavuja?"

"Sikusema. Lakini kinavuja," alisema Tereza.

* * *

Mwanvua alifika na karai lake Jumatatu. Igogo nzima ilijua kabla mkaa haujashika, na Igogo nzima ilimwonea Tereza huruma. Majirani walikuja kumpa pole. Tereza aliwashukuru, akavaa aproni safi, akatoka mpaka katikati ya barabara na mwiko mkononi kama mtu anayeongoza kwaya.

"Jamani mnaopita!" alipaza sauti. Sauti aliirithi kwa baba yake, ilikuwa haijatumika kwa miaka. "Amekuja mama wa Kirumba na pipa la mafuta! Mkila kwake leo, mtajifuta midomo mpaka Jumapili, na padri atadhani mmepakwa mafuta ya wagonjwa!"

Watu wakasimama. Wote wakageuka kumtazama Mwanvua atasema nini. Mwanvua hakuwa na haraka. Aligeuza samaki wake, akasikiliza mafuta yanavyochachatika, kisha akauliza kwa upole, kama muuguzi:

"Samahani, nasikia hapo ng'ambo mnauza mchemsho. Nani kalazwa, tumletee na uji?"

Kicheko kilichotoka pale kiliwafikia watu wa stesheni. Paulo, mbeba mizigo mwenye shingo nene, alitua gunia lake la mchele chini ili acheke vizuri. Alisema hakuja kula, alikuwa anapita tu, lakini jambo hili haliwezi kuachwa hivihivi bila mtu kulipima kwa haki. Akala kwa Tereza. Akavuka barabara, akala kwa Mwanvua. Akatangaza kwamba yeye ni mtu wa chungu mpaka kufa. Mwenzake mmoja akamwita mgonjwa, akaketi upande wa karai ili kumkomoa.

Ikawa hivyo. Wa Chungu walikaa upande wa ziwa, wa Karai upande wa reli. Wafanyakazi wa viwandani, ambao kwa miezi walikuwa wanakula viazi vyao chini ya ukuta, walianza kushuka makundi kwa makundi kusikia leo nani amejibiwaje. Na mtu akishafika, akishacheka, akishaulizwa "wewe uko wapi?", hawezi kusimama katikati kama mlingoti. Ilimpasa aketi, na akiketi mkono mtupu anaitwa mtalii. Wapo walionunua samaki hawana hata njaa, wanatetea heshima tu. Aliyehama upande alizomewa mpaka akavuka tena. Wakaanza kufika watu wa Mkolani na Kirumba, wamesikia habari kwa wauza mitumba.

Tereza hakushinda kila siku. Zipo siku Mwanvua alitoa neno moja tu, na migongo yote ikaondoka mbele ya Tereza kama zamani uwanjani, naye akabaki na chungu kimejaa. Siku hizo alirudi nyumbani akiwa ameudhika kwa raha, akitunga maneno njiani, watu wakidhani anaongea peke yake. Hata siku aliyoshindwa vibaya aliuza kuliko wiki nzima ya ule upweke.

Jambo ambalo watazamaji hawakulijua ni la alfajiri. Kila alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya ziwani, wanawake hawa wawili walikutana ufukweni, wakanunua kwenye mtumbwi uleule, wakapandisha beseni moja kwa kusaidiana. Mwanvua ndiye aliyechagua. Aliinua shavu la samaki kwa kidole kimoja, akatazama wekundu wake, na samaki aliyemkataa hata mvuvi mwenyewe aliona aibu kumtetea.

* * *

Kosa alilifanya Tereza, na alilifanya kwa sababu ya hasira.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka, mabenchi yamejaa pande zote, na siku hiyo ilikuwa ya Mwanvua. "Chungu cha Tereza ni kirefu kama kisima," alisema. "Samaki akishaingia mle hujui ni mzima au ni mkia tu umekwenda kuogelea. Mteja anakunywa maji ya samaki, analipia samaki!" Paulo mwenyewe, mtu wa chungu mpaka kufa, alichungulia bakuli lake kwa mashaka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Tereza akatafuta jibu, hakulipata. Damu ikampanda kichwani.

"Muulizeni kwa nini anakaanga mpaka samaki anakauka!" alifoka. "Samaki wa leo hana haja ya kuunguzwa! Anayeunguzwa ni wa jana!"

Kicheko kikakatika.

Mtu wa pwani ya ziwa unaweza kumwambia chochote kuhusu mapishi yake. Samaki wa jana ni jambo jingine. Ni tumbo la mtoto wa mtu, ni jina la mpishi mjini kote. Na ulikuwa uongo. Tereza alijua ni uongo kabla hajafunga mdomo, maana alfajiri ileile yeye na Mwanvua walikuwa wameshika beseni moja.

Mwanvua alitoa samaki waliokuwa karaini, akawapa waliokuwa wameagiza, akafunika moto kwa majivu, akaondoka.

Kesho yake hakuonekana ufukweni. Alikuja saa zake akiwa amenunua peke yake, akakaanga kimya. Tereza alijaribu kumsalimia, akaitikiwa kwa kichwa. Alijaribu kejeli nyepesi, ikaangukia barabarani, hakuna aliyeiokota. Watu walikaa wakitazamana, na walipomaliza kula waliondoka haraka kama wametoka msibani. Wengine hawakurudi. Uchungu uliomkaa Tereza haukuwa wa mabenchi. Aliona haya, haya ya kweli, ya mtu aliyevunja kitu kizuri alichokitengeneza mwenyewe.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Abubakary, alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, na kwa wiki nyingi alikuwa amevumilia kelele nyingi. Sasa alisema imetosha. Akashauriana na mama Wilhelmina, mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani ya Tereza, ambaye naye alisema haiwezekani mtu apokee Pasaka akiwa na uadui wa barabara nzima. Wakapanga suluhu Jumamosi Kuu, alasiri, palepale kwenye mabenchi. Wapatane, au mmoja wao aondoke Igogo.

Tereza alipopewa habari alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Pasaka ile aliyokuwa anaikimbilia ndiyo iliyokuwa inamjia mbio.

* * *

Siku ya suluhu walikuja watu wengi kuliko siku yoyote ya biashara. Wa Chungu walikaa upande wa ziwa, wa Karai upande wa reli, kwa mazoea. Mzee Abubakary aliketi katikati na bakora yake, mama Wilhelmina pembeni na rozari yake. Na kabla hawajaanza, pikapu ilishuka taratibu kutoka barabara kubwa, imepakia nyavu mpaka juu, Chenge yuko usukani.

Alizima gari, akashuka, akaegemea mlango.

"Mama Mwanvua," alianza mzee, "wewe ndiye uliyekosewa. Sema."

"Mimi sina la kusema, mzee wangu. Yeye aseme."

Tereza akasimama. Alikuwa ameamua tangu alfajiri kwamba uongo alioutoa kwa sauti kubwa hatauombea radhi kwa kunong'ona.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamooni wazazi," alisema, akisikika mpaka kwa waliosimama nyuma ya pikapu. "Nilisema samaki wa dada Mwanvua ni wa jana. Nilidanganya. Kila siku tulinunua mtumbwi mmoja, beseni moja, na aliyechagua ni yeye, kwa sababu jicho lake ni kali kuliko langu. Samaki wangu mliyemsifia humu kibandani, kamchagua yeye."

Mnong'ono ukapita upande wa Karai. Hilo la beseni moja hawakulijua.

"Baba yangu alikuwa manju," aliendelea Tereza, na sauti ikamtetemeka kidogo, akaiacha itetemeke. "Kumkejeli mchezaji alituruhusu. Lakini kusema ngoma ya mwenzako imepasuka, na wewe unajua ni nzima, hilo alilikataza. Mimi niliishiwa maneno, nikakimbilia uongo. Dada Mwanvua, nisamehe."

Mwanvua alikuwa anatazama mikono yake. Kabla hajajibu, Chenge alijisukuma kutoka kwenye mlango wa gari.

"Mzee, naomba na mimi niseme. Kiwanja hiki ni changu. Dada yangu nilimpa mpaka Pasaka, na Pasaka ni kesho. Naona watu wapo, sikatai. Lakini biashara gani hii ya kuitiwa balozi?" Akamgeukia Mwanvua, na ilionekana anapiga hesabu. "Mama, wewe una watu, na hukumkosea mtu. Hapo ng'ambo unanyeshewa. Nyavu zangu nitazitafutia pengine. Ukitaka paa hili na mabenchi haya, nakupangisha wewe. Tereza atarudi nyumbani Kisesa."

Mama Wilhelmina aliacha kuhesabu rozari. Tereza ndiye aliyekwenda Kirumba kumwita mwanamke huyu. Yeye ndiye aliyempa sababu ya kulipiza.

Mwanvua alisimama. Alivuka barabara polepole, akaingia kibandani, akatazama juu. "Paa ni zuri," alisema.

Akapitisha kiganja juu ya benchi. "Na mabenchi mazuri. Nimeyatamani tangu siku ya kwanza." Akamgeukia Chenge. "Nikikaa mimi hapa, kule ng'ambo atakaa nani?"

"Hatakaa mtu, mama. Barabara yote yako."

"Yote yangu," alirudia Mwanvua. "Kirumba nilikuwa na barabara yote, baba. Nilikaanga pale miaka, samaki mzuri kuliko wote, na hapakuwa na mtu wa kugombana na mwenzake kwa ajili yake. Huyu hapa alikuja akaketi, akala mpaka mifupa, akaniambia niende nikamshinde. Neno lake liliniuma, sitasema uongo, lilinikosesha usingizi. Sasa ameliondoa mbele ya watu walewale waliolisikia. Ukimpeleka Kisesa, mimi nitashindana na nani? Na wewe?" Akamtazama Chenge kuanzia viatu mpaka kofia. "Unajua hata kuwasha mkaa?"

Upande wa Karai ulianza kucheka, kwa woga kwanza, kisha na wa Chungu wakashindwa kujizuia.

"Halafu," alisema Mwanvua, sasa sauti yake imepanda, imekuwa ile ya kila siku, "mnadhani nilinyamaza siku zote hizi kwa sababu ya hasira tu? Nilikuwa natafuta jibu. Nimelipata. Tereza! Samaki wako ninamchagua mimi, ndimu inaivishwa na jua, chungu kinapikwa na mkaa. Wewe hapo kibandani kazi yako ni ipi, kulinda mabenchi?"

Barabara nzima ikalipuka. Paulo alimkumbatia mtu asiyemjua. Tereza alisimama pale, machozi yanamtiririka waziwazi na meno yote nje, na hakuwahi kufurahia kushindwa kama siku ile.

Mzee Abubakary alipiga bakora chini mpaka wakatulia. Akasema basi, wamepatana, na watu wakipatana wale pamoja, waletewe sinia moja.

"La chungu," alisema mama Wilhelmina haraka. "Ni Kwaresima bado, tusile mafuta."

"Mimi kwa meno haya niliyobakiza napenda kitu cha kutafuna," alisema Mzee Abubakary kwa upole wake wote. "La karai."

"Mzee, mchemsho ni mwepesi kwa umri wako."

"Umri wangu umefanya nini?"

Wapatanishi wakageukiana, na nyuma ya kila mmoja watu wakaanza kujipanga. Wanawake wawili waliokuwa wamekuja kusuluhishwa wakatazamana katikati ya ule ubishi, kisha kila mmoja akakimbilia jiko lake.

Walipika mpaka samaki wa pande zote mbili wakaisha. Katikati ya shughuli Tereza aliinua macho kutoka kwenye mvuke na kumwona kaka yake. Chenge alikuwa ameketi upande wa reli, mikono ya shati imekunjwa, anavunja ngozi ya sato kwa vidole viwili, macho ameyafumba.

Huyu ndiye kaka ambaye Tereza alimpikia tangu kimo chake mwenyewe hakijafika kifuani kwa mama yao. Tereza alitoka mpaka katikati ya barabara, mwiko juu.

"Msaliti mkubwa wewe! Mtoto wa manju wa Bagika, umehamia kwa Bagalu!"

Chenge alifungua macho. Mdomo ulikuwa umejaa na kidevu kinang'aa mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yao Tereza alimwona anacheka.

"Kama unaweza," alisema, "nivute nirudi."

Jioni ile pikapu ilipanda kurudi Mkolani na nyavu zake zote. Jumatatu ya Pasaka iliteremka tena Igogo, na nyuma hapakuwa na kitu ila ngoma ya Mzee Ngosha, imefutwa vumbi, imefungwa kamba isigongwe. Chenge aliishusha mwenyewe, akaiweka mbele ya kibanda, akaketi kwenye benchi la mninga. Alisema amekuja kula upande wa chungu mara moja tu, ili awe na haki ya kuhukumu.

Tereza alimpakulia kichwa cha sato, kama alivyokuwa akimpakulia baba yao. Kisha akashika mwiko wake, akatazama ng'ambo, ambako Mwanvua alikuwa ameshainua shingo anamsubiri.